Pazia Lililotulia

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa saa kumi. Ungeweza kurekebisha saa ya ukutani kwa kumtazama yeye. Asubuhi nzima ni mpole, anamchezesha mwanangu vidole, anaisifia chai yangu hata siku niliyosahau sukari. Ikifika saa kumi alasiri anasimama, anakunja kitambaa chochote kilicho karibu, anakibana kwapani na kuelekea mlangoni.

"Naenda nyumbani."

"Mama, hapa ndiyo nyumbani."

"Kwako, siyo kwangu. Fungua mlango, we msichana. Wateja wananingoja."

Nisipofungua, ataupiga mlango kwa viganja vyote viwili, ataniita mwizi wa mikasi, na atalia kilio cha mtu aliyeonewa kweli. Mwanangu naye atalia kumsindikiza. Na mimi, niseme ukweli, kuna siku nilikaa sakafuni katikati yao nikalia pia, tukawa kwaya.

Alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini, na ndani ya ufundi huo alichagua mapazia. "Nguo ni balaa," alipenda kusema. "Mtu ananenepa mwenyewe, anakuja kukulaumu wewe. Dirisha halinenepi." Nusu ya ofisi za mji wetu zilijificha jua kwa kazi ya mikono yake, na watu walimwita Mama Mapazia. Alipoanza kusahau njia ya kwenda dukani kwake, njia aliyoipita maisha yake yote, mume wangu alimleta kwetu. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu; yuko nasi siku mbili, barabarani siku kumi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake watatu: mimi, Mama, na binti yangu wa miezi kumi na moja, ambaye Mama alikwishalisahau jina lake akampa jingine. Alimwita Kifungo.

"Kwa nini Kifungo, Mama?"

"Si unamwona? Mviringo, anang'aa, na akipotea nyumba nzima inainama kumtafuta."

Mimi nilikuwa narudia masomo ya sekondari niliyoyaachia njiani. Madarasa ya jioni, siku tatu kwa wiki, kuanzia saa kumi na moja na nusu. Siku hizo wifi yangu alitoka kazini moja kwa moja na kuja kukaa na mama yake na mtoto mpaka nirudi. Wifi ni karani mkuu ofisini kwao, mtu wa mafaili. Hata risiti za sabuni anazitoboa na kuzipanga. Nilimpenda na nilimwogopa, vyote kwa pamoja, kama mtu anavyompenda mwalimu wa hesabu.

Jioni moja nilirudi nikamkuta ameketi kitini, mkono ameufunga leso. Mama alikuwa amemkwaruza. Alitaka kutoka, wifi akasimama mlangoni, basi. Kilichomuuma wifi si mkwaruzo.

"Kaniuliza mimi ni nani," alisema. "Mimi, wifi. Mwanawe wa kwanza. Kanitazama hivi, akaniambia, 'We mama, nikikupigia kelele za mwizi usije ukalia.'"

Wiki hiyo hiyo akaingia na boksi la kadibodi, akakusanya mikasi yote, sindano zote, mkebe wa pini za Mama, akavipeleka kwake. Halafu akatupangia siku ya kliniki.

Daktari wa wazee alikuwa kijana mwenye miwani inayoteleza. Alitusikiliza vizuri, akamuuliza na Mama mwenyewe, akampima. Kisha akaandika dawa.

"Hii haitibu kusahau," alisema. "Inatuliza tu vurugu ya ndani. Wazee wengine inawalaza sana, wanayumba, wanaanguka. Kwa hiyo tunaanza na nusu kidonge, wiki moja. Halafu kizima, wiki tatu. Kisha mnarudi, tunaamua. Na andikeni kila siku, tafadhali, nisije nikaamua gizani."

Wifi alikuwa na daftari tayari kwenye mkoba, lina mistari na safu: tarehe, saa, amemeza. Kazi yangu ilikuwa kuweka alama ya vema.

Wiki ya nusu kidonge ilikuwa kimya. Nilikuwa nimeomba kimya, nikakipata, na sikukipenda. Mama alilala asubuhi, akalala mchana, akaamka kula, akalala juu ya kula. Alikaa kitini ameegemea upande mmoja, kama pazia lililochomoka ndoano za kushoto. Saa kumi ikifika haoni saa, haoni mlango. Siku ya tano Kifungo alitambaa mpaka miguuni pake, akamshika kidole gumba cha mguu, akakitikisa, akamtazama usoni kusubiri kile kicheko chake. Hakikuja. Mtoto akangoja. Akakitikisa tena.

Nilimbeba nikaenda naye jikoni, nikakiosha kikombe kilichokuwa safi.

"Sasa tunapumua," wifi aliniambia jioni ile, na kwa kweli alikuwa amelegea mabega, amepata usingizi wa siku tano. "Na bado hajaanza kizima, wifi. Akianza kizima tutakuwa peponi."

Mimi nilikiogopa hicho kizima. Nusu imemfanya hivi, je, kizima? Nilipiga simu kliniki, nesi akaniambia mwili huzoea, lakini akizidi kulala sana au akianguka tuje siku hiyo hiyo. "Msiongeze wala msiache kwa akili zenu," alisema. Basi Alhamisi, saa kumi kasorobo, nikampa Mama kidonge kizima. Kilikuwa kizuri ukikitazama: cheupe, laini, kimepakwa utelezi, tofauti kabisa na zile nusu zilizokuwa zikimomonyoka na kumkunja uso kwa uchungu. Akakiweka mdomoni, akanywa maji.

"Fungua mdomo, Mama. Ahaa. Safi."

Nikaweka vema.

Wakati naandika, nikasikia *krrrp!* Kifungo alikuwa ameng'ang'ania pazia la sebuleni apate kusimama. Alisimama kweli, kwa mara ya kwanza maishani mwake, sekunde mbili nzima, halafu akashuka na pazia lote, fimbo, ndoano na vumbi. Nilimchomoa chini ya kitambaa akiwa anacheka mpaka anakoroma.

Mama aliinuka. Nikajua, haya, sasa mlango. Lakini alichuchumaa, akaokota ukingo wa pazia, akaupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, kama anayesoma.

"Nani kashona upuuzi huu?"

"Tulinunua dukani, Mama."

"Mmeibiwa. Pindo gani hili? Nyuzi tatu na maombi! Nipe sindano."

Sindano hatukuwa nayo. Zilikuwa kwa wifi. Nilikuwa na sindano moja butu, ile nene yenye tundu pana, ya kufumia sweta, niliyoisahau kwenye mfuko wa nguo za mtoto. Nilijiuliza mara mbili. Kisha nikatazama mikono yake. Kwa wiki nzima ilikuwa imelala mapajani kama glavu za mtu aliyeondoka, na sasa ilikuwa imeamka, vidole vinapapasa hewani, vinanidai.

Nikampa. Nikamtungia uzi, akanirudishia, eti nimeutunga kama ninamfunga mbuzi. Akautunga mwenyewe.

Alikaa dirishani, mgongo kwetu, uso kwenye mwanga, akashona. Saa kumi ikagonga. Saa kumi na nusu. Nilikuwa nimeketi mkekani na kitabu cha baiolojia, nikasoma kwa sauti kuhusu moyo na vyumba vyake vinne, na kila nikimaliza aya yeye anasema "Mmh," kama mteja anapiga soga. Ilipokaribia saa kumi na moja akakata uzi kwa meno, akasimama, akanawa mikono.

"Nimefunga duka," akasema. "Iko wapi chai?"

Nikalipandisha pazia haraka kabla wifi hajaja. Sikumwambia kuhusu sindano. Nilijiambia nitamwambia kesho.

Kesho haikufika. Siku iliyofuata Mama mwenyewe alilishusha. "Bado jepesi," alisema, akafumua pembe, akashona upya. Na siku ya tatu, na ya nne. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba: saa kumi kasorobo kidonge, kisha pazia linashuka, mimi nasoma, Kifungo anajificha chini ya kitambaa na kutokea upande wa pili, Mama anamkemea, "Toka kwenye kazi za watu!" Saa kumi na moja kasoro duka linafungwa, pazia linapanda, na siku za darasa wifi anaingia, anamkuta mama yake ameketi na kikombe cha chai, macho maangavu, anamwuliza, "Umekula, mwanangu?" Hakumtambua kila siku. Ila siku ambazo hakumtambua, alimkaribisha.

Siyo kwamba kila siku ilikuwa sherehe. Jumapili moja alikataa sindano, akakataa chai, akautaka mlango. Nikaufungua, nikambeba Kifungo mgongoni, tukaizunguka nyumba mara sita tukizungumzia bei ya vitambaa vya miaka iliyopita. Mzunguko wa saba akasema miguu inauma, tukaingia. Lakini ilikuwa Jumapili moja tu.

"Kidonge kimekubali!" wifi alitangaza. Aliwaambia majirani, aliwaambia wenzake wa ofisini, alimpigia mume wangu simu barabarani. "Nusu ilikuwa inamchosha. Kizima ndiyo saizi yake." Nami niliamini. Kwa nini nisiamini? Nilikuwa naweka vema kila siku kwa mkono wangu.

Jumatatu kabla ya kliniki kulikuwa na upepo. Wifi alisimama sebuleni, madirisha wazi, karatasi zangu zinaruka, na yeye anatazama pazia limening'inia limenyooka, halipepei, mikunjo yake sawasawa kama vidole.

"Wifi, umeona?" alicheka. "Dawa imeenea nyumba nzima. Siku hizi hata pazia limetulia."

Tukacheka sote. Mama alicheka kutuzidi.

Jumanne asubuhi nikaamua kulifua pazia. Nililishusha, nikalikumbatia, na pindo likagonga ukingo wa beseni: *ko*. Nikaligongesha tena. *Ko, ko.* Nikapitisha pindo kati ya vidole kama nilivyomwona Mama akifanya. Kulikuwa na uvimbe mdogo. Baada ya vidole vinne, mwingine. Vidole vinne tena, mwingine. Kila mmoja umeshonewa kijumba chake, mishono midogo sawasawa, na mwisho wa kila kijumba fundo.

Nikafumua kimoja. Kikaangukia kiganjani mwangu kidonge cheupe, laini, kimepungua mng'ao kidogo tu.

Jambo la kwanza nililofanya, kabla hata ya kushangaa, ni kumchukua Kifungo na kukagua mdomo wake, kisha nikatambaa sebule nzima kwa magoti nikitafuta kidonge kingine chochote. Hakikuwepo hata kimoja. Nikahesabu pindoni: kumi na tisa. Tangu Alhamisi ile nilikuwa nimempa kumi na tisa. Hakuna kilichopotea; Mama Mapazia hakuwahi kuangusha pini sakafuni miaka arobaini, angeanza leo?

Na hapo ndipo nilipoelewa. Pini! Nilimwona mara ngapi enzi za duka lake, amepiga magoti chini ya dirisha la mtu, pini sita zimebanwa pembe ya mdomo, na bado anaongea? Mtu aliyeweza kubana pini sita na kusimulia harusi ya jirani tangu mwanzo mpaka mwisho, mimi na "fungua mdomo, Mama, ahaa" yangu tungemweza wapi? Na mapazia mazuri huwekewa uzito kwenye pindo, vipande vya chuma au vijiwe, yasipeperuke. Alikuwa ameniambia kila siku. Bado jepesi. Nami nilikuwa nikimletea uzito mwenyewe, mmoja mmoja, na glasi ya maji.

Nilicheka. Nilikaa kando ya beseni nikacheka mpaka Kifungo akaanza kupiga makofi.

Kisha nikaacha kucheka. Wiki tatu Mama hakumeza chochote. Wiki tatu ametulia kwa sindano butu na mikono yake. Na kesho yake tunakwenda kliniki, ambako wifi, kwa furaha yake yote, ataomba dawa iwe ya kudumu. Nikinyamaza, daktari ataamua gizani, kama alivyosema. Nikisema, wifi atauliza sindano ilitoka wapi. Atachukua na hiyo. Ataomba kidonge kisagwe kwenye chakula, na safari hii Mama atakimeza kweli, kizima. Nikamkumbuka kwenye kile kiti, ameegemea upande. Nikamkumbuka mwanangu akikitikisa kidole gumba, akingoja.

Saa kumi kasorobo nikampa Mama kidonge kama kawaida. Maji. "Fungua mdomo." Safi kabisa. Nikageuka, lakini safari hii nikamtazama kwa pembe ya jicho. Mkono wake ukapanda mdomoni kwa wepesi wa mtu anayechomoa pini, ukashuka mfukoni mwa gauni. Kisha akaketi dirishani, akalivuta pazia, na akasimama ghafla.

"Nani kaniharibia pindo?"

"Mimi, Mama. Samahani."

"Ukitaka kujifunza kazi, omba. Usifumue vya watu." Akanitazama, akalainika. "Njoo ukae hapa. Mshono wenyewe ni huu."

Akanifundisha. Nikashona kijumba cha kidonge cha kumi na tisa, yeye akashona cha ishirini, na changu akakifumua akakishona upya, akisema kimekaa kama jipu. Alipofunga duka nikafungua daftari. Kalamu ilikaa juu ya ile safu muda mrefu. Kisha, mahali pa vema, nikaandika: *Hakumeza.* Herufi zangu nzuri kabisa, za darasa la jioni. Sasa hata nikitaka kunyamaza, daftari lingesema.

Pazia likaenda kliniki bila kufuliwa, kwenye mfuko wa nepi za mtoto.

Wifi alikuwa amevaa vizuri, faili kifuani. Mama alikuwa kati yetu, Kifungo mapajani pake. Daktari aliisukuma miwani yake juu na kutabasamu alipomwona Mama anamsalimia kwa jicho la mtu aliye macho.

"Dokta, mimi sitachukua muda wako," wifi alianza. "Dawa imefanya kazi. Wiki ya kwanza ilimlaza, tulipoingia kizima akaamka. Anatulia, anacheka, anakula. Naomba tu uandike iendelee. Ikiwezekana ya miezi sita kwa mara moja, nipange bajeti ya usafiri."

"Nusu ilimlaza, kizima kikamwamsha?" Daktari alikunja uso. "Mwili unazoea, ndiyo. Lakini si kwa namna hiyo." Hata hivyo akavuta karatasi. "Tuone daftari."

"Lipo kwa wifi yangu. Kila siku ameweka vema."

Moyo wangu, vyumba vyote vinne, ulikuwa unabisha hodi. Nilitoa mfuko. Nikaliweka pazia mezani mbele ya daktari, juu ya karatasi aliyotaka kuiandika.

"Dokta, vema zangu zote si za kweli," nikasema. "Sikujua. Dawa iko hapa."

"Hapa wapi?"

"Kwenye pindo. Vidonge ishirini. Unaweza kuhesabu."

Daktari alilishika pindo, akalipapasa. Akafika uvimbe wa kwanza, wa pili, wa tano. Akavua miwani. Mabega yake yakaanza kutikisika, akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka mlango ukafunguliwa nesi akachungulia.

Wifi hakucheka. "Sindano alipata wapi?"

"Nilimpa mimi."

"Umempa mama sindano! Na mtoto ndani ya nyumba! Mimi nimekusanya mpaka pini, na wewe..."

"Ni butu, wifi. Ya kufumia sweta. Na mimi niko naye muda wote."

"Na umenificha! Wiki tatu nakuja pale, nakaa pale, najiona..." Alinionyesha mkono wake. "Mimi ndiye niliyekwaruzwa. Mimi ndiye niliyeulizwa mimi ni nani. Kama hamezi dawa, basi asagiwe kwenye uji. Vinginevyo sitaweza tena, wifi. Sitaweza kusimama kwenye ule mlango."

Hapo niliona kwamba wifi hakuwa akiipenda dawa. Alikuwa akiuogopa mlango.

Daktari alikuwa anafungua kinywa kujibu, lakini Mama alimtangulia. Alikuwa haangalii ugomvi wetu. Alikuwa anaangalia dirisha la kliniki, lenye pazia la kijani lililopinda upande mmoja kama mtu mwenye kiuno kibovu.

"Mwanangu," alimwambia daktari, "nani kakushonea hili? Kakuonea."

"Nililikuta, Mama."

"Lishushe."

Daktari alitutazama, kisha akapanda kiti akalishusha. Mama alinikabidhi Kifungo, akalitandaza pazia la kijani, akashika pembe moja. Pembe ya pili akainyoosha hewani bila kutazama, na mkono ukaenda moja kwa moja kwa wifi.

"Shika. Usivute."

Wifi alishika. Alishika kabla hajafikiri, vidole vyake vikakaa pale pale panapotakiwa, kidole gumba juu, viwili chini, kitambaa kimelegea kiasi. Akarudi nyuma hatua tatu bila kuambiwa.

"Umeona huyu?" Mama alituambia, amejaa fahari. "Huyu ndiye anayejua kunishikia. Wengine wote wanavuta. Tangu yuko hivi," akaonyesha urefu wa meza, "hakuwahi kuvuta."

Wifi alikuwa analia na pazia mkononi, na hakulivuta.

"Nilikuwa namshikia kila nikitoka shule," alisema, kama anatuomba radhi. "Kila siku. Saa kumi."

Kifungo alikuwa anautafuna ukanda wa mfuko.

"Saa kumi," daktari akarudia polepole, akaandika mahali. Kisha akavaa miwani na kuzungumza nasi kama watu wazima. Alisema dawa hii siyo adui: wapo wazee wanaoteseka kwa hofu mchana kutwa, wanaojidhuru, na kwao kidonge kidogo kwa muda mfupi ni huruma. "Lakini Mama ametuonyesha wiki tatu nzima kwamba anaweza bila hicho. Jaribio zuri kuliko lolote ambalo ningelipanga mimi. Kwa hiyo naifuta leo, kwa maandishi. Vurugu ikirudi kwa nguvu, nipigieni, tutakaa tena. Na dada, kwenye uji hapana. Tukimficha mtu dawa ndani ya chakula bila kukaa chini na kushauriana kwanza, siku akigundua hatakula tena cha mikono yetu."

"Ametuficha yeye," wifi alisema, akafuta macho kwa pindo la kijani.

"Basi hapo tumezidiwa ujanja," daktari akasema. "Na wewe mwenye daftari: ile safu ya 'amemeza' ikate. Andika alifanya nini."

Vidonge vilibaki kliniki. Mama alivifumua mwenyewe vyote ishirini kwa ncha ya mkasi wa nesi, kwa masharti kwamba arudishiwe uzito mwingine. Nesi akampa kiganja cha vifungo vya chuma kutoka kwenye makoti ya zamani. Na pazia la kijani tukaondoka nalo, kwani Mama alikataa kuliacha. Alimwahidi daktari litakuwa tayari Jumamosi.

Ijumaa hiyo haikuwa siku yangu ya darasa, wala siku ya wifi kuja. Saa kumi kasorobo Mama alisimama, akalikunja pazia la kijani, akalibana kwapani, akaelekea mlangoni. Nikainuka nimfuate.

Mlango ukafunguliwa kwa nje. Wifi alikuwa amesimama hapo, ameomba ruhusa kutoka kazini mapema, jambo ambalo halijawahi kuandikwa kwenye faili lolote. Kwapani alikuwa na lile boksi la kadibodi, na juu yake mkebe wa pini.

Mama alimtazama juu mpaka chini.

"Umechelewa," akasema. "Njoo unishikie."

Daftari bado ninaliandika. Kitabu cha baiolojia nimekimaliza, tuko kwenye historia, na Mama ana maoni mengi kuhusu wafalme. Ukurasa wa siku ile unasema hivi: *Saa kumi. Ameutukana mshono wangu. Pini zote zimehesabiwa, zimetimia. Kifungo amesimama kwa kushika pindo, hakuanguka, pazia nalo halikuanguka. Mama hakudai kwenda nyumbani.*